Kabla Basi la Vijana Halijafika Kabras

Wamarekani watatu wa kanisa la Friends, Wakweka kwa jina lingine, walifungua misheni Kaimosi mwaka 1902. Miaka miwili baadaye mapadre wa Mill Hill wakawa wamefika Mumias. Kutoka pande hizo mbili neno lilienea Uluhyani kwa miguu na kwa baiskeli, na Kabras haikuachwa nyuma. Mwaka 1927 uamsho ukalipuka pale pale Kaimosi, na kutokana nao yakazaliwa makanisa ya Roho. Waumini wake utakutana nao barabarani Jumapili asubuhi, kanzu nyeupe na ngoma mbele.

Nayataja haya mapema kwa sababu misheni nyingi za vijana huharibika kabla ya safari, katika kikao cha maandalizi, pale mtu anaposimama na kusema, "Tunawapelekea Injili." Kabras inayo Injili. Ina wachungaji, ina kwaya, ina kukhu, yaani bibi mzee, ambaye amekuwa akiongoza maombi ya alfajiri tangu kabla kiongozi wa vijana hajazaliwa. Kanisa la huko linaweza kupungukiwa na mambo mengine kabisa: mikono yenye nguvu kwa wiki moja, walimu wa watoto wakati wa likizo, mtu wa kukaa na vijana waliomaliza kidato cha nne wakakosa pa kwenda. Ni wao watakaokuambia wanapungukiwa na nini. Kazi yako ya kwanza ni kuuliza, kisha kunyamaza usikie jibu.

Kabras gani, na lini?

Kabras si kijiji. Ni eneo lote la Malava, kaskazini mwa mji wa Kakamega kwenye barabara kuu ya kwenda Webuye, na lina wadi saba: West Kabras, East Kabras, South Kabras, Chemuche, Butali/Chegulo, Manda-Shivanga na Shirugu-Mugai. Basi ukiambiwa "tuna mwaliko Kabras", uliza ni wadi gani, lokesheni gani, na kanisa lenyewe liko umbali gani kutoka lami. Kilomita sita za murram wakati wa mvua zinaweza kukugharimu zaidi ya safari nzima kutoka Nairobi hadi Malava.

Makanisa ya Marekani na Ulaya hupenda kuja Juni au Julai, kwa kuwa ndipo kwao ni likizo ya kiangazi. Kwetu miezi hiyo watoto wako darasani, na ukiwaitia semina unawatoa shuleni. Likizo yetu inayofaa ni ya Agosti, wiki chache baada ya muhula wa pili kufungwa. Ila Agosti ya Kabras ina mambo yake, na kiongozi asiyeyajua hushangaa programu yake nzuri ikikosa watu.

La kwanza ni mahindi. Yaliyopandwa mvua ilipoanza Machi huwa yanavunjwa kati ya Agosti na Septemba. Asubuhi watu wako shambani. Kikundi kinachopita mlango kwa mlango saa tatu asubuhi kitakuta watoto, wagonjwa na mbwa. Badala ya kulalamika kwamba watu ni wagumu, wagawe vijana wako wawili wawili, waende mashambani wavunje mahindi na wenyeji, na mchana wakae chini ya mwembe wapukuchue. Hapo ndipo mazungumzo hufunguka. Mama mwenye kilo mia mbili za kupukuchua ana saa nzima ya kukusikiliza, na wewe pia unayo ya kumsikiliza yeye.

La pili ni mvua. Magharibi mwa Kenya mvua haikomi Mei. Agosti hunyesha alasiri, tena kwa radi, wakati mwingine na mvua ya mawe. Panga michezo na kazi za nje ziishe kabla ya saa nane mchana. Anga ikianza kunguruma, mpira usimame mara moja na watoto waingie darasani. Chini ya mti si mahali pa kujikinga. Kila kijana abebe gambuti. Viatu vyeupe vya mjini vitadumu siku moja.

La tatu ni tohara. Wabukusu na Watachoni, majirani ambao wengine wanaishi humo humo Malava, huwatahiri wavulana Agosti ya miaka ya shufwa kama 2026 na 2028. Utakutana na misafara ikikimbia barabarani, njuga zikilia, na nyimbo ambazo hungependa Shule ya Jumapili izisikie. Wapishe njia. Wakataze vijana wako kupiga video, na wewe mwenyewe usigeuze jambo hilo kuwa hubiri la jioni. Mchungaji mwenyeji ana maoni yake kuhusu mila hii, na ana miaka ya kuishi na matokeo ya kila anachokisema. Wewe una siku saba.

Na kila mwaka wa tano kuna la nne. Katiba inaweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti, ambayo mwaka 2027 itaangukia tarehe 10. Mwaka huo peleka misheni Aprili au Desemba. Spika, umati na vijana wageni wenye fulana za rangi moja wakati wa kampeni ni jambo ambalo hakuna atakayeamini ni la kanisa.

Barua kabla ya nauli

Mwandikie mchungaji mwenyeji miezi minne kabla. Barua ieleze ninyi ni kina nani, mko wangapi, wenye umri gani, na mnaweza kufanya nini. Halafu muulize angependa mfanye nini. Akijibu kwa ukarimu wa kawaida, "Karibuni tu, chochote mtakachofanya ni sawa," bado hujajibiwa. Tuma watu wawili waende wakalale huko usiku mmoja, wazungumze na wazee, na hasa na akina mama, maana hao ndio watakaopika.

Mwenyeji ndiye apeleke habari kwa chifu, kwa naibu wake na kwa liguru, yaani mzee wa kijiji, lakini wewe pia uandike barua yenye muhuri wa kanisa lako, na nakala ifike kituo cha polisi cha Malava. Kama mna spika za nje, ulizeni ofisi za kaunti kuhusu kibali mapema. Zamani mambo haya yalionekana kama urasimu. Baada ya Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, ambako miili zaidi ya mia nne ilifukuliwa msituni, mzazi ana haki ya kuuliza mhubiri mgeni ametumwa na nani. Chifu naye anayo. Jibu kwa karatasi, na usikasirike.

Kwa upande wa nyumbani, kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria, hata kama ana ndevu na anaongoza sifa. Pata fomu iliyotiwa sahihi na mzazi, yenye namba mbili za simu, dawa anazotumia na vitu vinavyomdhuru. Weka sheria kwamba hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto, wa kwenu wala wa wenyeji, chumbani, garini au kwenye ushauri wa faragha. Wasichana wasafiri na viongozi wanawake wenye mamlaka kamili, si "mama mmoja wa kutusaidia". Na kila mtu aijue namba 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, kwa kuwa katika kazi ya watoto unaweza kusikia habari ambayo huna ruhusa ya kuimaliza kwa maombi peke yake.

Picha nazo zina sheria. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi. Hata sheria isingekuwapo, bado ningesema: mtoto mwenye kamasi na shati lililoraruka si bango la kuchangishia fedha za safari ya mwakani.

Njiani

Kutoka Nairobi unaweza kupita Kisumu ukapanda Kakamega, au ukapita Eldoret ukashukia Webuye. Vyovyote vile, ondokeni alfajiri mfike kungali mchana. Sababu ni miwa. Eneo hili lina viwanda viwili vya sukari, West Kenya na Butali, na barabara zake zimejaa matrekta yanayovuta matrela yaliyobeba kupita kiasi, mengine hayana hata taa moja nyuma. Usiku dereva mgeni hulijua trela akishalifikia. Vijana nao watawaona watoto wenyeji wakikimbia nyuma ya trela na kuchomoa miwa, na watatamani kujaribu. Kataza kwa ukali, kabla ya mtu kushuka kwenye basi. Bodaboda pia: kijana asipande bila kumwambia kiongozi, na wasipande mishikaki.

Sukari hiyo hiyo itakupa mada ya kuanzia na vijana wa kiume. Kabras Sugar ni timu ya raga iliyochukua Kombe la Kenya 2016 na kurudia baadaye. Kijana wenu anayejua raga aende na mpira wake. Atapata marafiki haraka kuliko mwenye gitaa.

Kazi ya mikono

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa nyingi hupotea. Vikundi vingi hupenda kupaka rangi. Rangi inaonekana vizuri kwenye picha, haihitaji ujuzi, na inaisha kwa siku mbili. Lakini darasa lenye ukuta wa samawati mpya na sakafu yenye mashimo ya funza halijasaidika. Waulize wenyeji, na mara nyingi utasikia neno moja: chemchemi.

Familia nyingi huchota maji kwenye chemchemi chini ya mteremko. Isipolindwa, ng'ombe hunywea hapo hapo, mvua huleta uchafu wa juu, na watoto wanaharisha. Kuilinda ni kazi inayoeleweka: unachimba hadi jicho la maji, unajenga ukuta wa mawe na saruji, unajaza kokoto nyuma yake, unafunika kwa udongo wa mfinyanzi, unaweka bomba la kutolea maji, ngazi za kushukia, mtaro wa kuzuia maji ya mvua upande wa juu, na ua wa kuzuia mifugo. Vijana ishirini wanaweza kubeba mawe na mchanga, kuchimba mtaro na kupanda nyasi. Ukuta wenyewe mwachieni fundi wa pale pale, mlipeni ujira wake kamili, na vijana wenu wawe vibarua wake. Hiyo ni heshima kwa fundi. Na chemchemi ikivuja mwaka ujao, mtu wa kuirekebisha yuko kijijini.

Kabla ya jembe la kwanza, hakikisheni mwenye shamba ametoa idhini kwa maandishi mbele ya liguru, na kuna kamati ya watumiaji maji. Chemchemi nzuri katika shamba lenye ugomvi wa urithi huishia kufungwa kwa seng'enge.

Kazi nyingine inayopendwa ni ya funza. Ifanyeni tu chini ya mhudumu wa afya wa jamii anayezijua nyumba zenyewe, na kwa ruhusa ya ofisi ya afya ya Malava. Kuchokonoa miguu ya watu kwa pini moja inayopita mkono hadi mkono ni kusambaza ugonjwa. Wahudumu hutumia dawa za kupaka au kuloweka miguu, kisha kazi kubwa hubaki kwenye nyumba: sakafu ya udongo inyunyiziwe maji, ifagiliwe, ikiwezekana isakafiwe. Na mwenye funza ana aibu. Msimwite mbele ya umati. Nendeni kwake, vijana wawili na mhudumu, mlango ukiwa nusu wazi.

Jikoni na mezani

Mluhya akipata mgeni, kuku atalia. Utani huo tunaujua wote. Tusichokisema ni kwamba kanisa la kijijini linaweza kukopa dukani ili wageni thelathini wale kuku siku saba, na mchungaji akalipa deni hilo hadi Krismasi. Basi tuma fedha za jikoni wiki mbili kabla, kwa mhazini wa kanisa na si kwa simu ya mtu binafsi, mkiwa mmekubaliana na akina mama hesabu ya kila siku: unga, mboga, maharagwe, kuni, maziwa ya chai, na kuku mara moja au mbili. Risiti zitunzwe pande zote mbili. Ukitaka kuleta chakula cha mjini, acha. Mrenda, kunde na ugali wa huko vitawatosha.

Wafundishe vijana kula. Anayesema "situmii mrenda" mbele ya mama aliyeupika ameshahubiri hubiri lake. Kama kuna anayedhurika na chakula fulani, wewe ndiye umwambie mama mapema, jikoni. Kuku akipakuliwa, firigisi si ya kijana. Imondo, kama wenyeji wanavyoiita, ina mwenyewe, na akipewa mzee wenu na aipokee kwa shukrani. Salamu ni "mulembe", shukrani ni "orio", na mkono hutolewa kwa wakubwa kwanza. Baada ya kula, wavulana wenu waoshe sufuria pamoja na wasichana. Wenyeji watacheka, kisha watakumbuka.

Kuhusu kulala, maoni yangu ni kwamba walio chini ya miaka 18 walale pamoja na viongozi wao katika shule ya bweni, ambayo Agosti huwa tupu, kwa barua ya mwalimu mkuu. Waliokomaa walale majumbani, wawili wawili. Usiku mmoja katika nyumba ya mwenyeji, taa ikiwa ya sola na mazungumzo ya mavuno na karo, utamfundisha kijana mambo ambayo semina haiwezi.

Neno hilo karo linahitaji onyo. Vijana wana huruma na midomo myepesi. Siku ya tatu mmoja atamwambia mtoto, "Nikirudi nitaongea na baba akulipie shule." Mtoto atasubiri, na mama yake naye atasubiri. Kataza ahadi zote, za karo, simu, viatu, hata za kupiga simu, na eleza sababu kabla hamjafika. Msaada wowote upitie kwa wazee wa kanisa wenyeji, ambao wanajua yatima ni nani na mlevi anayemtuma mtoto kuomba ni nani. Nguo mlizokusanya ziachieni mikononi mwao pia. Kugawa mitumba kutoka dirishani mwa basi ni fedheha kwa anayetoa na anayepokea.

Mimbari si yako

Kama kanisa lako ni la Kipentekoste au la Anglikana na mwenyeji wako ni Friends, jua kwamba Friends hawabatizi kwa maji wala hawashiriki mkate na kikombe. Wakweka wa Kenya huimba na kuhubiri, si wale wa kukaa kimya wa Uingereza, kwa hiyo mgeni anaweza kukaa ibada nzima asitambue tofauti. Usije ukamaliza krusedi kwa kuwapeleka vijana wao mtoni. Utakuwa umevunja nyumba iliyokukaribisha. Kwenye kanisa la Roho vua viatu mlangoni, kaa upande unaoonyeshwa, na jiandae kwa ibada ndefu. Watakaookoka au kuombewa, majina yao apewe mchungaji mwenyeji usiku huo huo. Orodha mnayorudi nayo Nairobi haimlishi mtu.

Na ikitokea matanga, programu inasimama. Hili halina mjadala. Mzee akifariki kilomita moja kutoka mlipo, kisha ninyi mkawasha spika jioni mkiimba kwa shangwe, mtakuwa mmejitambulisha vibaya kwa miaka mingi. Ulizeni wenyeji mnaweza kusaidia wapi. Huenda mkaambiwa mbebe viti, mchote maji, mchimbe kaburi na vijana wa kijiji, au mkeshe mkiimba tenzi na wafiwa. Mchango wenu upelekwe kwenye meza ya kamati kama wa watu wengine, bila hotuba. Nimeona siku za namna hiyo zikifanya kazi ambayo mabango ya krusedi hayakuifanya.

Homa ya kurudi

Kakamega ni eneo la malaria kali, ndiyo maana ilikuwa kati ya kaunti zilizoanza kujaribu chanjo ya RTS,S kwa watoto mwaka 2019. Kijana aliyekulia Nairobi hana kinga ya mwenzake wa Malava, hata kama jina lake ni la Kikabras na babu yake alizaliwa huko. Ulizeni daktari kuhusu dawa za kuzuia kabla ya kuondoka. Kila mtu alale ndani ya neti, na jioni avae mikono mirefu. Mwenye homa apelekwe zahanati apimwe siku hiyo hiyo. Panadol si kipimo.

Hatari kubwa inakuja mkiwa mmesharudi. Dalili huanza wiki moja au zaidi baada ya kuumwa na mbu, wakati kijana yuko bwenini na nesi wa shule anadhani ni mafua. Wape wazazi karatasi yenye sentensi moja: huyu alikuwa Kakamega tarehe hizi, akipata homa ndani ya miezi mitatu apimwe malaria. Mpigie kila mmoja baada ya siku kumi na baada ya wiki tatu.

Wiki hiyo hiyo mpelekee mhazini mwenyeji hesabu kamili, iliyoandikwa, na deni lolote la unga au kuni lililobaki. Muulize fundi kama bomba la chemchemi linatoa maji safi. Kisha waandikie vijana wa kanisa lile barua ya mwaliko, waje kwenu Desemba, wahubiri kwenu, walale majumbani mwenu, nauli ikitoka kwenye mfuko ule ule mliouchangia kwenda kwao.